Sude Katika Chupa ya Maji

Mtoto aliletwa alasiri, amebebwa kifuani na mama yake kama kitoto kichanga, ingawa alikuwa msichana anayetembea na kusema vizuri. Nyuma yao alikuja mama mkwe, bibi wa mtoto upande wa baba, mwanamke mtu mzima mwenye mtandio mweupe, mikono imeloa mafuta ya mawese mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa daktari wa zamu upande wa dharura katika hospitali moja hapa Kasongo. Mate yalikuwa yanamtoka mtoto bila kukoma kwa sababu hakuweza kuyameza. Midomo ilikuwa imevimba na ulimi umekuwa mweupe.

"Amekunywa nini?" niliuliza.

"Maji," mama yake alisema. "Alichukua chupa ya maji."

Mama mkwe akamkatiza. "Haiko maji. Iko sude."

Sude ni yale magadi makali tunayochanganya na mawese ili kupata sabuni. Karibu kila mtaa wa Kasongo una mwanamke anayepika sabuni uani kwake. Sude ikishayeyushwa haina rangi wala harufu; ukiitazama utadhani ni maji ya kunywa. Lakini inachoma. Inachoma mdomo, na ikimezwa inachoma njia nzima mpaka tumboni.

"Ametapika?"

"Ametapika," alisema mama mkwe. "Nilimunywesha mawese, nikamuingizia kidole. Ametoa yote."

Alisema hivyo kama mtu anayengoja kuambiwa asante. Sikumjibu. Nilijua, kama anavyojua kila mtu wa kazi yangu, kwamba sude iliyotapishwa inapita kooni mara ya pili na kuchoma upya pale ilipokwisha kuchoma. Nikashughulika na mtoto: serumu kwenye mshipa, dawa ya maumivu, na amri kwamba asipewe kitu chochote kwa mdomo.

Hakufa. Kwa siku kadhaa alilala akitutazama, na mama yake akimpangusa mate kwa kipande cha kikwembe. Baba wa mtoto alikuwa Lusangi, ambako alikuwa akiwauzia sabuni wachimba dhahabu. Alifika kwa moto, kama tunavyoita pikipiki, vumbi jekundu kichwani, akamwangalia mtoto, kisha akamwita mama yake nje. Dirisha lilikuwa wazi na hawakusema kwa sauti ya chini.

"Mutoto anakunywa sude, na mama yake iko wapi?" alisema mama mkwe. "Alikuwa anasimulia na majirani."

"Nitamurudisha kwao Wamaza," mwanaume alisema. "Mutoto akipona tu, anarudi kwao."

Mama wa mtoto alisikia. Aliendelea kupangusa mate. Niliona tu kwamba kile kitambaa sasa alikuwa anakipitisha mahali pamoja, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilitoka nje. Nilimwambia yule baba kwamba ugonjwa wa binti yake haujaisha, kwamba kovu likijikaza umio utabanwa, na mtoto atahitaji kulishwa uji mwepesi kijiko kwa kijiko, na pengine kupelekwa Bukavu kupanuliwa. "Nani atafanya kazi hiyo?" nilimuuliza. "Mama yako ni mtu mzima. Wewe uko Lusangi. Baba, ngojea kwanza."

Alitazama chini. "Nitangojea," alisema, lakini hakusema mpaka lini.

Watoto waliokunywa sude nilikuwa nimewatibu wengi, na kila mara wazazi waliporudi nyumbani niliwaambia wachunge watoto. Safari hii nilitaka kuona wanachungaje. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwao kwa miguu, nyuma ya soko. Mama wa mtoto alikuwa amekuja nyumbani kufua, akanipeleka uani. Palikuwa na nusu ya pipa juu ya mafiga, mbao za kumwagia sabuni ipoe, na kando ya ukuta, kivulini, chupa za plastiki zimepangwa. Baadhi zilikuwa na maji ya kunywa. Baadhi zilikuwa na sude.

"Mbona unaziweka pamoja?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa subira. "Dokta, kivuli kiko kimoja. Sude ikikaa kwa jua, inaharibika. Na chupa zote ni za maji. Kuko chupa gani ya sude? Pale sokoni wanayeyusha wenyewe, unakuja na chupa yako, wanakumwagia ndani."

"Na siku ile?"

"Nilikuwa nakoroga. Ukiacha kukoroga, inakatika, kazi yote inakufa. Alikuwa nyuma yangu. Aliniambia, mama, nina kiu. Nikamwambia, ngoja kidogo." Akaisogeza chupa moja kwa mguu. "Hakungoja."

Kwa hiyo hakuwa akisimulia na majirani. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mume wake.

"Nitasema mbele ya mama mukwe?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuniondoa hospitalini. Nilikwenda sokoni kwa wanawake wanaouza sude. Mwanzoni waliniona kama mtu aliyetumwa kuwafungia biashara. Mmoja wao, mwanamke Mkristo kutoka upande wa mashamba, alinisikiliza kwa sababu nilimsalimia kwa Kizimba, lugha ya nyumbani kwetu. Alisema kwamba hata yeye humwaga sude katika chupa huku moyo hautulii. Tulikaa juu ya viroba vyake tukafikiri. Bidoni za mafuta, yale madumu ya manjano, watoto hawanywi ndani yake kwa sababu ni nzito na mdomo wake ni mpana. Zikipakwa rangi nyekundu shingoni na kutundikwa juu kwa kamba, hazifanani na maji hata kidogo. Na muuzaji akikataa kumwaga katika chupa, mnunuzi atalazimika kuleta bidoni.

"Nikikataa peke yangu, wataenda kwa jirani," alisema. "Tukatae wote."

Ndiyo sababu tukaitisha mkutano. Shule moja ya misheni ilitupa darasa, na kwenye msikiti wakatutangazia baada ya sala. Walikuja wauzaji na wapika sabuni, Waislamu wa mjini na Wakristo wa mashambani, wengine na watoto mgongoni. Nilikuwa nimemwomba mama wa mtoto aje aseme yaliyompata, akakataa kabisa. Alikuja lakini akaketi nyuma, karibu na mlango. Mama mkwe wake aliketi mbele.

Habari ya bidoni ilipita bila shida. Waliuliza rangi itapatikana wapi, wakabishana juu ya kamba, wakakubaliana. Nilibakiwa na jambo moja, nalo nilikuwa nimelala nikiliwaza: mtoto akishakunywa, afanyiwe nini. Nilipomwona yule mama mkwe pale mbele, nilifikiri niliruke. Ningeweza kusema tu, mleteni hospitali haraka. Lakini mwanamke mmoja aliinua mkono.

"Dokta, sisi tunamupa mawese, atapike. Ni vizuri?"

Darasa zima lilikuwa linaningojea.

"Hapana," nilisema. "Asitapishwe. Sude ikirudi juu inachoma tena. Msimpe mawese, msimpe maziwa, msimuingizie kidole. Msukutueni mdomo kwa maji, ayateme, mumlete."

Nilijaribu kutomtazama, lakini nilimtazama. Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo wa mtandio wake. Wanawake wakaanza kusemezana, na mimi nikafungua kinywa ili niingie katika jambo lingine, lolote lile. Akasimama kabla yangu.

"Mimi nilimupa mujukuu wangu mawese," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nilimutapisha kwa mukono huu. Dokta alijua tangu siku ile, na hakuniambia."

"Mama," nilisema, "ulifanya kile ulichofundishwa. Hata mama yangu mwenyewe angefanya hivyo."

"Ungeniambia," alisema. "Ningeacha kumusema mutoto wa watu."

Kisha akageuka akamtafuta mkwe wake kwa macho mpaka akamwona kule nyuma. Hakumwomba radhi mbele za watu. Mtu wa umri wake, wa nyumba ile, hafanyi hivyo. Alisema tu, "Njoo ukae hapa kwangu," akasogea kwenye benchi. Yule mkwe alikuja akaketi. Walikaa hivyo mpaka mwisho.

Mume aliporudi tena kutoka Lusangi, ni mama yake mwenyewe aliyemweleza habari ya mawese. Sikuwapo. Nilichosikia baadaye ni kwamba alimaliza kwa kumwambia, "Ukimurudisha Wamaza, unirudishe na mimi kwetu." Habari ya kurudishwa kwa mtu ikaisha.

Mtoto alipelekwa Bukavu kwa ndege ndogo, akarudi, akapelekwa tena. Majirani na watu wa msikitini walisaidia, na Wakristo wa sokoni pia. Alikonda mpaka nikaogopa. Kisha siku moja mama yake alipita hospitali makusudi kuniambia kwamba amekula bugali, donge dogo lililolainishwa kwa mchuzi wa samaki, na limeshuka. Mpaka leo anakula polepole kuliko wenzake. Nyama hatafuni. Lakini anasoma, na ana ubishi.

Si kwamba watoto wameacha kuletwa. Kuna familia zinazoyeyusha sude nyumbani na hazijasikia habari ya bidoni, na kuna waliosikia wakasema ni maneno ya Dokta. Hata hivyo sokoni Kasongo ukienda na chupa ya maji watakurudisha. Mimi sasa nagawa juma langu kati ya hospitali na njia, nikieneza habari ya bidoni. Daktari mwenzangu alinitania kwamba nimeacha udaktari na kuwa muuza bidoni. Nilimwambia aje siku moja tuende wote. Hajaja bado.

Mwaka huu tulikwenda Wamaza, mama wa mtoto na mimi, kila mmoja kwa moto yake, na pale ambapo mvua ilikuwa imekula njia tulishuka tukatembea. Watu walikusanyika karibu na kanisa. Nilisema maneno machache kwa Kiswahili, wakanisikiliza kwa adabu. Kisha yeye akasimama, yule aliyekataa kusema Kasongo, akaanza kwa Kibangubangu chao. Mimi sikielewi vizuri. Niliona wazee wakiinama mbele ili wasikie. Mahali fulani walicheka, na baadaye wanawake wawili wakafuta macho.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimuuliza aliwaambia nini.

"Yote," alisema. "Nilianza na ile ya kukoroga."