Kwema Tu, Ila

Mafunzo yenyewe yaliwekwa saa tisa alasiri, saa ambayo mimi huwa si mtu tena, ni gunia. Tangu asubuhi huwa niko mtaa wa Guangyuan Xilu, huku kwa Wachina, nikipandisha na kushusha marobota ya nguo, na mgongo wangu ulishaandika barua ya kuacha kazi mara mia tatu. Lakini nilikuwa nimemaliza shule ya jioni ya Kichina, cheti kiko ukutani, na kituo cha simu za dharura kilitafuta watu wa kujitolea kuzungumza na wageni. Kwa Kiswahili nikapatikana mimi peke yangu. Ndiyo faida ya usomi: unaongezewa mzigo.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kichina, mwembamba, ambaye nadhani hata chafya alizipangia ratiba. Alitufundisha namna ya kufanya kimbunga kikija: kuwapigia simu watu walio kwenye orodha, kwanza wazee na wanaokaa vyumba vya chini, tujue nani mzima na nani apelekewe waokoaji. Kila simu nusu dakika. Kwa mazoezi akaleta watu wa kuigiza. Wangu alikuwa Bi mkubwa mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa madera, anayekaa peke yake chumba cha chini kule Sanyuanli. Akapewa kikaratasi cha siri, akaketi chumba cha pili. Nikampigia.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Alhamdulillahi, kwema tu."

Nikaweka alama ya vema, nikakata. Sekunde kumi na moja! Nilinyanyua mikono kama aliyefunga goli la fainali. Bi mkubwa akatokea mlangoni na kikaratasi chake: maji yameingia ndani, mguu umevunjika.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, nawe umekata simu kama imekuunguza? Mie ndo kwanza nasalimia!"

"Umesema kwema."

"Ulitaka nianze na mguu? Sikulelewa hivyo mie."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Ikabidi nimweleze, kwa Kichina changu cha jioni, kwamba kwetu mtu hujibu kwema hata akiwa amelaliwa na tembo. Shida huja nyuma, na mbele yake hutangulia neno "ila". Akaliandika ubaoni, kisha akanitungia sheria yangu peke yangu: ukisikia kwema, usikate, hesabu hadi kumi. Tulirudia mpaka jua likazama. Siku ile Bi mkubwa alivunjika mguu mara arobaini, na mara zote alikuwa kwema.

Kimbunga chenyewe kilikuja baada ya miezi miwili. Mvua ilimwagwa kwa ndoo. Tuliitwa kituoni alfajiri, na orodha yangu ilikuwa na watu thelathini na sita. Kwema, hesabu kumi. Kwema, hesabu kumi. Mmoja "ila" yake ilikuwa bando limekwisha. Mwingine alitaka kujua kama kontena lake litatoka bandari ya Huangpu. Kufika adhuhuri koo limekauka, masikio yanavuma, nawachukia Waswahili wote duniani na mimi mwenyewe nikiwemo.

Nikafika kwenye jina la Bi mkubwa yuleyule wa mazoezi.

"Alhamdulillahi, mwanangu, kwema tu. Umekula?"

"Bado."

"Haya, kale."

Nilishukuru moyoni. Huyu ndiye aliyenifundisha. Angekuwa na jambo, angelisema. Kidole kilishafika juu ya kitufe. Nisijisifu, kilichonizuia si busara. Nilichoka hata kubonyeza. Nikahesabu kwa uvivu tu. Nane. Tisa. Kumi. Kimya. Halafu, nyuma ya kimya chake, nikasikia maji.

"Bi mkubwa, upo?"

"Nipo. Ila, kama hamna kazi nyingi hapo..."

"Ila nini?"

"Maji yamefika kwenye kitasa, mlango hautaki kufunguka. Mie nimepanda juu ya marobota. Lakini nyie malizeni kwanza na wenzangu."

Nilimpa anwani mwalimu, aliyekuwa kiti cha jirani, akaituma kwa waokoaji. Nikabaki na Bi mkubwa kwenye simu, ananikemea kwa kushinda na njaa. Kila nikiuliza maji yako wapi, anasema "si mengi". Sauti yake ikazidi kuwa ndogo. Hatimaye nikasikia mlango ukivunjwa, wanaume wakipiga kelele, naye akiwajibu kwa Kichina cha sokoni, kwa bashasha zote: mzima kabisa, hana neno, asanteni, waende kwa wengine.

Nikamgeukia mwalimu awazuie. Alishashika simu ya waokoaji, anawaambia kwa ukali wasiondoke, wahesabu hadi kumi.

Walipofika saba, Bi mkubwa akawaambia mguu hausimami. Wakambeba.

Mimi nikaangalia orodha. Walikuwa wamebaki kumi na wanne.