Viti Visivyo na Doa

"Ingia ukae, dada. Gari la Kiitalia hili, la zamani, na viti havina hata doa!"

Dalali wa magari pale Walukuba alifungua mlango, harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ikanipiga usoni. Nikamkaza mwanangu mgongoni. Lilikuwa gari la baba. Havina doa, ndiyo, na mimi najua kwa nini.

Nilipokuwa mtoto kule Mbale, tulivua viatu kabla ya kuingia humo. Hata mama, uchungu ulipomshika, alivua ndala mlangoni kwanza, maji yakimtiririka miguuni.

"Baba watoto, nipeleke hospitali. Mtoto anakuja."

"Na viti?"

Nilidhani anatania.

"Pikipiki za boda zimejaa barabarani. Ngozi hii haifuliki, mama."

Akafunga mlango wa gari kwa ufunguo. Jirani alimpakata mama kwenye boda, mimi nikakimbia nyuma yao. Mtoto alizaliwa kando ya barabara. Hakulia.

Tulirudi kwa miguu, mama amembeba ndani ya leso. Baba alikuwa anapangusa vioo.

"Poleni," akasema. "Pitieni kule nyuma, msilitie vumbi."