Uamuzi wa Kwenye Roshani

Kila tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, studio ile ya michezo ya video pale Plovdiv iliwapa wanawake wake ua mojamoja na ruhusa ya kuondoka saa sita mchana. Heshima, eti. Radostina aliipokea heshima hiyo miaka yote, akaenda kula na wenzake, na kila mara kesho yake alikuta kuna jambo limeshaamuliwa.

Safari hii alijua ni jambo gani: nani ataongoza utengenezaji wa mchezo mpya. Mapigano yote ya mchezo uliopita, ule uliowatoa kimaisha, aliyabuni yeye. Nafasi aliitaka, na aliistahili. Kwa hiyo alipokea ua, akaingia zake chumba cha mkutano, akaketi.

"Radi, bado upo?" bosi wao, Krasimir, akashangaa. "Nenda kasherehekee, mrembo. Leo siku yenu."

"Nitasherehekea baadaye, bosi. Endeleeni."

Wakaendelea, lakini kwa kuzungukazunguka. Mara joto la chumba, mara mpira. Mmoja akamwomba awatengenezee kahawa, maadamu amebaki.

"Mashine ile pale," akamwambia, "na mikono unayo."

Hatimaye Krasimir akasimama akipapasa mfuko. "Tukavute kwanza." Wanaume wote wakatoka kwenda roshani, hata Plamen, ambaye hajawahi kugusa sigara. Mlango wa kioo ukafungwa. Radostina akawaona wakicheka, wakipigana makofi mgongoni. Waliporudi wananuka moshi, kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe: Plamen.

Plamen! Aliyekuja pale hajui hata kumrusha mhusika wa mchezo kwenye skrini bila kumzamisha sakafuni. Nani alimkalisha chini akamfundisha, kama si Radostina? Hasira zikampanda, masikio yakawa moto.

"Wachezaji wetu ni wanaume," Krasimir akaeleza, kama anayebembeleza mtoto. "Wanataka mtu anayeelewa vita. Usiharibu sikukuu yako, dada."

Radostina akamgeukia Plamen.

"Mdogo wangu, vita hivyo ulifundishwa na nani?"

"Radi, tuongee baadaye."

"Sasa hivi. Mbele yao. Na nani?"

Plamen akainamia meza. Wakiwa wawili tu humwita mwalimu wangu. Pale alijifanya hajawahi kufundishwa. Shukrani ya punda mateke, kweli.

"Haya," Radostina akasema. "Usije tena kuniuliza kitu."

Kesho yake, kabla ya saa nne, Plamen alikuja na swali. Alikuta meza ya Radostina tupu, vitu vyake vyote vimeondolewa.