Dimbwi la Darasa la Tatu

Alhamisi, tarehe 9 Aprili. Manyunyu alfajiri, jua kali kuanzia saa nne.

Watoto wanamwita Mwalimu Matope, naye huitika. Viatu vyake vya mpira hukaa mlangoni pa darasa la tatu mwaka mzima. Mimi nafundisha la nne. Ukuta mmoja tu unatutenganisha, kwa hiyo hasira zake nazisikia kabla hazijafika ofisini.

Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na dimbwi. Tangu shule ifunguliwe, watoto wake walikuwa wakichuchumaa pale kutazama viluwiluwi wakigeuka vyura. Miguu ipi itaanza kuota? Hakuwaambia. "Nikiwaambia nitakuwa nimewaibia," alisema. Wakabishana, wakazomeana, hadi Jumanne miguu ya nyuma ilipochomoza. Sasa walikuwa wanasubiri ya mbele.

Alhamisi hiyo, watoto wakiwa darasani, mwalimu mkuu alileta kifusi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Dimbwi likafukiwa, na kwenye ukuta wa tangi fundi rangi akachora maisha ya chura, tangu yai hadi ukubwa. Juu yake akaandika: TUNAJIFUNZA KWA VITENDO.

Mapumziko ya mchana yalipofika, Matope alisimama pale na darasa lake lote nyuma.

"Mkuu, viluwiluwi wangu wako wapi?"

"Punguza sauti, Mwalimu. Dimbwi lilikuwa linaleta mbu. Si unao hapo ukutani? Hawanuki, hawafi."

"Na hawakui!"

Msichana mmoja mwenye pengo akanyoosha kidole kwenye picha. "Mwalimu, huyu wamemkosea. Ameota mikono kwanza!"

"Labda anawahi kushika kalamu," mwenzake akadakia. Wakaangua kicheko.

Fundi rangi alimtazama mkuu. "Mzee, nirekebishe?"

"Acha hivyo hivyo. Mgeni gani atachungulia miguu ya chura?"

Matope alikipiga teke kifusi, akaumia kidole, hasira ikazidi. "Kwa hiyo hawa walioona kwa macho yao wanyamaze, ili wageni wako wafurahie uongo?"

"Darasa lako halitoki nje mpaka wageni waondoke. Nimemaliza." Akaenda zake.

Watoto walikuwa wameshapiga magoti, wanafukua kwa vidole. Pembeni, maji kidogo yalikuwa yamebaki chini ya jiwe. Msichana mwenye pengo alikinga bakuli lake la chakula. "Mwalimu, hawa wanapumua!"

Jioni nilimkuta Matope darasani peke yake, bakuli mezani, macho mekundu. Nilijaribu kumtuliza. "Dada, funika kombe mwanaharamu apite."

"Kaka, mwanaharamu kila siku anapita hapa hapa. Ameshazoea njia." Akalisogeza bakuli mbali na ukingo wa meza. "Humu hawatafika kuota mikono. Maji haya yanatosha kunawia uso tu. Halafu Jumatatu nisimame mbele ya ile picha nitabasamu? Mimi?"

Nilichukua chaki zangu nikaondoka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nilimkuta chini ya yale maandishi, viatu vya mpira miguuni, jembe mkononi. Kifusi alikuwa amekirundika njiani, pale pale mkuu anapoegesha gari. Bakuli lilikuwa kivulini. Gari la mkuu likapiga honi getini. Matope alitemea mate viganja, akashika mpini, akaendelea kuchimba.