Mama Mdogo Ambaye Hakuwahi Kunibeba

Asubuhi moja mwanangu alilia, nikanyoosha mikono nimbebe, mikono ikagoma.

Vidole vilikuwa vimevimba kama vya mtu mwingine. Kuvikunja tu, machozi yananitoka.

Mume wangu akamnyanyua mtoto. "Umeilalia vibaya?"

"Labda," nikasema.

Mimi ni msusi. Mtaani wananiita Sindano, kwa vile nasuka mistari myembamba mpaka wenzangu wanaudhika. Nikajipa moyo kuwa ni uchovu wa uzazi, maana mtoto mwenyewe alikuwa hata shingo haijakaza.

Wiki zikapita, hali ileile. Nikiamka siwezi kufunga hata kifungo cha nguo ya mtoto, mpaka jua lipande ndipo vidole vinalegea. Wakati wa kunyonyesha, baba yake ndiye aliyenishikia kichanga kifuani.

Mama akaja kunisaidia. Alipoiona mikono yangu, aliketi kitandani na viatu vyake miguuni.

Mama akanipeleka hospitali, wakanipima damu. Daktari wa viungo, mwanamke wa sauti ya chini, akasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe.

"Kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuumwa hivi?"

"Mama yangu mdogo," nikajibu. "Vidole vyake vimepinda kabisa."

Mama mdogo huyo tulimwita Malkia. Hapeani mkono na mtu, mikono muda wote imo ndani ya shali, na hajawahi kubeba mtoto wa yeyote. Utotoni nikimkimbilia, anarudi nyuma. Nilimwona ana maringo yasiyo na mfano, hadi siku nilipomkuta ananawa, nikaviona vile vidole.

"Na mzazi mwenyewe?" Daktari akamgeukia mama. "Nauliza kwa sababu ugonjwa huu una vinasaba vyake. Ukivirithi haina maana lazima uumwe, ila mlango unakuwa wazi zaidi. Na vingine vinaufanya uwe mkali, hasa mtu akivuta sigara. Mama, wewe viungo vyako vikoje?"

"Vizima."

Daktari akaanza kuandika kwenye fomu.

"Hapo pa mama, daktari," mama akasema taratibu, "mwandike mdogo wangu."

Nilidhani hajaelewa swali. Nikamtazama. Alikuwa ameelewa.

Nje, kwenye benchi la korido, akanieleza huku anatazama sakafu.

"Ulipozaliwa ndipo ugonjwa ulipomwamkia, kama wewe sasa. Siku moja ulimponyoka ukaanguka. Hukuumia, lakini hakukugusa tena. Akakuleta kwangu, akasema, dada, mtoto huyu anataka mama mwenye mikono. Akaniapisha nisikwambie."

Nilimwegemea tu, mwanamke aliyenilea, tukalia wote wawili huku watu wanapita.

Kesho yake nikaenda kwa Malkia na mtoto, mume wangu akiwa amembeba. Chumba chake kilinuka sigara. Hakuwahi kutibiwa, miaka yote alinunua dawa za maumivu dukani. Sasa ugonjwa ulishaingia hadi mapafuni, anaongea neno moja anapumzika.

Akaiona mikono yangu kabla sijasalimia.

"Wewe pia?"

"Mimi pia, mama."

Akafumba macho. "Nilikutoa," akasema, "ili usiwe na changu hata kimoja."

Mume wangu akampangia mito mapajani, akamlaza mtoto juu yake.

"Ataanguka," Malkia akasema.

"Haanguki. Tupo," nikamjibu.

Akatoa mikono ndani ya shali, polepole, akamkumbatia kwa viwiko.

"Mzito huyu. Wewe ulikuwa mwepesi." Kisha akanong'ona, "Usiniite mama mbele ya dada. Ataumia."

Tulipanga nimpeleke kwa daktari wangu Jumatatu. Jumamosi mapafu yakamshinda.

Msibani watu walinishika bega. "Pole kwa kufiwa na mama mdogo."

Nikawajibu, "Asante."

Mimi natumia dawa. Daktari anasema nimewahi, viungo bado havijaharibika, na nimeanza kusuka tena, mistari minene. Damu yangu na ya aliyenizaa ni moja. Tofauti ni kwamba mimi nilitibiwa mapema, na sivuti sigara.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, waulize wakubwa wako nani aliumwa nini, hata kama jibu litauma. Na vidole vikivimba na kukaza kila asubuhi, usifiche mikono. Nenda hospitali.

Binti yangu huenda amerithi vinasaba hivyo, na huenda asiumwe maisha yake yote. Akikua nitamweleza kila kitu. Nitamwambia kwamba bibi yake alimbeba mara moja, na mimi, mwanawe wa kumzaa, sikumbuki akinibeba hata mara moja.