Sindano Haikuwa na Kosa

Hebu mwone anavyoingia kliniki: fundi cherehani, mimba ya miezi saba imemtangulia, futikamba ingali shingoni, na mama yake mzazi nyuma akimfuata unyounyo.

"Hata huku umekuja na futikamba? Utapima kiuno gani, na chenyewe kimeshahama?" muuguzi akamtania.

Fundi akacheka. Mama hakucheka, alikuwa na lake moyoni.

Zamani mama huyu naye alikuwa fundi, tena wa kusifika. Kisha akazaa mtoto wa kiume ambaye akijikwaa tu goti linavimba, akijikata kidogo damu inatoka kutwa nzima. Katika ukoo ule wa mafundi, hukumu ilikuwa tayari: mjamzito akishona, sindano humtoboa mtoto tumboni. Mama akaifunika cherehani yake, huu mwaka wa ishirini na saba. Juzi bintiye alipoambiwa anatarajia mtoto wa kiume, akamwamuru naye afunike yake.

Muuguzi akawachorea kwenye karatasi. "Ugonjwa huu wa damu kutoganda hukaa kwenye kromosomu iitwayo X. Mwanamke anazo mbili. Mwanamume anayo moja tu, na hiyo hupewa na mama yake."

"Kama karatasi za kukatia nguo," fundi akadakia. "Mimi ninazo mbili, moja ikichanika, nafuata nyingine. Kaka alipewa moja, ikawa ndiyo ile iliyochanika."

"Dada, utanitoa kazini! Basi vipimo vinaonyesha nawe umeibeba. Huyu mtoto ni nusu kwa nusu: huenda anao, huenda hana. Utajifungulia hospitali kubwa, tutapima damu ya kitovu, na dawa itakuwa tayari. Kaka yako hakuipata utotoni. Siku hizi je?"

"Anadungwa kila wiki. Anapanda ngazi, anapaka rangi maghorofa."

Mama akauliza polepole, "Na sindano za kushonea?"

"Hazina kosa, mama."

Mama akaivuta ile karatasi karibu. "Kumbe si cherehani. Kumbe ni mimi."

"Mama, hata vidole hivi umenipa wewe, na hiki kicheko. Mbona kwa hivyo hujaniomba radhi?"

"Kicheko sawa. Mdomo huo ni wa baba yako," mama akajibu, akicheka huku akifuta machozi.

Nje, wakiwa wamekaa kwenye benchi, fundi akasema mama mkwe wake lazima aambiwe. Mama akaruka. "Waseme nimewaoza binti mwenye kasoro?"

"Yeye ndiye atakayemwogesha mjukuu, mama. Akiona uvimbe, ajue pa kukimbilia."

Mama akakumbuka ya nyumbani kwake. Mwanawe wa kiume alikuwa amevimba mara ngapi, naye akificha? Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Usiende wewe. Nitakwenda mimi, mzazi kwa mzazi. Leo leo."

Haya, mwenzangu, ungekuwa wewe unayebisha hodi mlangoni pale, ungeanza na neno gani?