Nilivyopima Safari ya Doris kwa Rula

Mkinikuta Kakamega mjini mkasikia mtu ananiita Rubani, msidhani niliwahi kuendesha ndege. Jina hilo ni aibu yangu, na nililitafuta mwenyewe.

Dada yangu Doris alikuwa anarudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi ughaibuni. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa na ombi moja tu: Doris akitoka mlangoni pale uwanja wa ndege wa Kisumu, apokewe kwa isukuti, ngoma za kwetu Malinya, naye Mama awe mbele akimwimbia. Asubuhi ile Doris alipiga simu kutoka Nairobi, akasema ndege yake inaondoka saa nane mchana. Ningemuuliza inafika saa ngapi, yangeishia hapo. Lakini mimi (niliyejifunza jiografia peke yangu, kwa atlasi ya mtumba) niliona haya kuuliza jambo linalohesabika. Nikachukua rula, nikapima Nairobi hadi Kisumu, nikapata kama kilomita mia mbili na themanini, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikawatangazia wote kwamba ni nusu saa na dakika chache, hata chai haipoi.

"Umemuuliza mwenyewe?" Mama akasema.

"Mama, ramani haidanganyangi."

Na kweli, saa nane na nusu na ushei ndege ikatua. Nikampungia mkono mzee Lijodi, kiongozi wa wapigaji, ngoma zikalipuka, Mama akasonga mbele na shada la maua ya karatasi, akamvisha wa kwanza kutoka. Alipompapasa shavu akakuta ndevu. Alikuwa bwana mmoja mnene mwenye kofia, ambaye (sijui alijidhania nani) hakushangaa hata kidogo, akatushukuru sisi wananchi kwa mapokezi, akaanza kutembea, na isukuti zikamfuata. Nikamkimbilia Lijodi, nikamwambia huyo si wetu.

"Ngoma haiachi mgeni njiani," akanijibu bila kugeuka. "Si ni wewe ulinionyesha huyu, rubani?"

Wakamsindikiza hadi mwisho kabisa wa maegesho, na huko bwana akahutubia, akasalimia wapigaji mmoja mmoja, akaomba wimbo mwingine. Ndege ya kwenye ramani haingoji zamu ya kuruka, wala haizunguki juu ya ziwa ikitafuta njia ya kutua. Ya Doris ilifanya yote hayo, ikafika karibu saa tisa.

Akatoka, akatukuta Mama na mimi, wawili tu.

"Hizo ngoma zinamlilia nani?" akauliza.

Mama hakungoja nijibu. Alianza kuimba, bila shada, akipiga makofi, sauti nyembamba inayokatika kila alipovuta pumzi, na Doris akaweka mizigo chini akamwitikia.

Mama hatunaye tena. Ndege ikipita juu ya nyumba ikielekea ziwani, isukuti sizikumbuki, nakumbuka makofi yale. Doris naye siku hizi akisafiri hunitajia saa ya kufika kabla hata ya kunisalimu.

Rula ninayo bado. Mtu wangu akisafiri, kwanza namuuliza atafika saa ngapi. Akishanijibu ndipo napima, polepole, nione ramani imekosea kwa kiasi gani.